Nani Amerusha? Kiambishi "tu-" na Haki ya Kujivunia

Mchana wa Jumatatu, tarehe 7 Novemba 2022, marafiki saba tulikuwa tukitazama roketi ikirushwa, kila mtu kwenye simu yake. Hatukuwa mahali pamoja. Wawili walikuwa hosteli, mmoja alikuwa ndani ya teksi, mmoja alikuwa kwao karibu na Mbale, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nje ya maktaba kwa sababu hapo mtandao hauyumbi sana. Kilichotuunganisha ni kundi letu la WhatsApp. Roketi hiyo, iitwayo Antares, ilikuwa inaruka kutoka Wallops, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Miongoni mwa mizigo yake kulikuwa na PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Jana yake tulikuwa tumesubiri vivyo hivyo, lakini kengele ya moto ililia katika kituo cha kuongozea chombo, safari ikaahirishwa na bando zetu zikateketea bure.

Saa 7:32 mchana, mwenzetu mwenye mtandao wa kasi aliandika "Imeruka!" kabla sisi wengine hatujaona hata moshi. Sekunde chache baadaye nami nikauona moto, nikaandika kwa herufi kubwa: "TUMERUSHA!" Mwenzetu anayesomea uhandisi akanijibu kwa neno moja: "Nani?"

Niliudhika. Hata hivyo swali lile halijaniacha mpaka leo, na ndilo ninalotaka kulijadili hapa: je, mtu ana haki ya kujivunia jambo ambalo hakulifanya? Sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kulikwepa kwa urahisi. Kitenzi chetu kinadai kiambishi cha nafsi. Ukitaka kushangilia, lazima useme ni nani aliyetenda: nilirusha, walirusha, tulirusha. Hata ukikimbilia kauli ya kutendwa na kusema "imerushwa", msikilizaji atakuuliza: na nani?

Hoja ya mwenzetu ilikuwa na uzito. Wahandisi watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, ndio waliofanya kazi ya kuitengeneza setilaiti hiyo, lakini waliifanyia Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, chini ya mradi uitwao BIRDS-5 uliowaunganisha na wenzao wa Zimbabwe na Japani. Ni mchemraba mdogo wenye sentimita 10 kila upande. Roketi ilikuwa ya Wamarekani. "Sisi saba," akaandika, "tumechangia bando."

Nilimjibu kwamba kwa kipimo hicho hata Wamarekani wangekosa haki ya kusema "tumerusha". Hatua ya kwanza ya Antares ile ilitengenezwa Ukraine, na injini zake zilitoka Urusi, nchi mbili ambazo siku ile ile zilikuwa vitani. Cygnus, chombo kilichobeba mizigo juu ya roketi hiyo, sehemu yake ya kuwekea mizigo ilitengenezwa Italia. Hakuna taifa lililorusha roketi ile peke yake. Ikiwa "tu-" ni ya wale tu walioshika bisibisi, basi ni watu wachache sana duniani wanaoweza kuitumia. Nilidhani nimeshinda mjadala.

Jioni zikaja habari nyingine. Cygnus ilikuwa na paneli mbili za sola, na ni moja tu iliyofunguka. Haikuwa wazi bado kama ingefika salama kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mimi, bila kufikiri, nikaandika: "Wameshindwa kufungua paneli." Mhandisi wetu hakubishana. Alinakili jumbe zangu mbili akaziweka pamoja, moja juu ya nyingine:

TUMERUSHA!
Wameshindwa kufungua paneli.

Niliona aibu, na aibu hiyo ilinifundisha kuliko hoja zake zote za mchana. Chombo kilikuwa kile kile, na mchango wangu ulikuwa ule ule, yaani bando. Kilichobadilika kati ya mchana na jioni ni habari tu, nami nikahama kutoka nafsi ya kwanza wingi hadi nafsi ya tatu.

Marehemu John Mbiti, aliyefundisha Makerere kuanzia miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hujiona yupo kwa sababu jamii yake ipo, na kwamba linalompata mmoja huwa limewapata wote. Wanafunzi tunalipenda sana wazo hili, na tunalitaja karibu katika kila insha. Lakini mara nyingi tunachukua nusu yake. Tunaikumbuka jamii kwenye sherehe. Wahenga hawakuwa hivyo. Walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika methali hiyo wanaoitwa "wa kwao" ni wale wanaokaa naye kwenye sahani chungu.

Hata shabiki wa mpira ananizidi uaminifu. Timu ya taifa ikishinda husema "tumeshinda", ingawa hakugusa mpira. Ikifungwa, husema "tumefungwa", na usiku huo halali vizuri. Hakucheza, lakini kiambishi chake hakikimbii. Ndiyo maana simcheki.

Basi msimamo wangu ni huu. Haki ya kusema "tu-" haitokani na kufanya kazi yenyewe peke yake, wala haiji bure kwa kuzaliwa nchi moja na walioifanya. Ni kama deni. Anayesema "tumerusha" ameahidi kwamba mambo yakiharibika atasema "tumeshindwa", na yakitengemaa atauliza "tutafanya nini nayo?" Asiyekuwa tayari kwa hayo mawili, na aseme "wamerusha" na kuwapongeza kwa moyo mweupe. Kupongeza si unyonge.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Mchana ule, sisi tukiwa tunatuma vikaragosi vya roketi na bendera, yule mwenzetu wa Mbale aliandika: "Tungenunua dawa za zahanati kwanza." Tulimkemea kwamba anatuharibia furaha. Mama yake alikuwa ametoka zahanati wiki ile akiwa na karatasi ya dawa mkononi badala ya dawa. Nilipoyasoma tena mazungumzo yetu usiku, niligundua kwamba yeye pia alitumia "tu-". Na "tu-" yake ilikuwa imara kuliko yangu, kwa sababu alijihesabu ndani ya nchi siku ambayo nchi haikuwa imempa kitu. Mtu anayelalamika kwa "tu-" hajajitenga. Anadai hesabu ya mali aliyo na fungu ndani yake. Sikubaliani naye kwamba zahanati na setilaiti lazima zigombane. Setilaiti ile ilikusudiwa kupiga picha za kusaidia kilimo na ufuatiliaji wa maji, na wakulima wa kwao wanahitaji hayo pia. Lakini nakubali kwamba swali lake lilikuwa halali, na kwamba sisi ndio tuliokosea adabu.

Cygnus ilifika kituoni tarehe 9 Novemba kwa nguvu ya paneli moja. Tarehe 2 Desemba setilaiti yetu ilitolewa kutoka kituoni, ikaanza kuizunguka dunia. Tulikuwa tunatazama tena, kila mtu kwenye simu yake. Nilianza kuandika neno lile la zamani, nikalifuta. Nikaandika: "Hongera Omara, Mujuni na Tebusweke. Mmeweza." Kisha nikaongeza mstari wa pili: "Picha zikija, tutawafikishiaje wakulima?"

Mhandisi wetu alijibu safari hii kwa maneno mawili: "Tukae tupange." Yule wa Mbale akauliza ni lini.