Bara Haliishii Mpakani

Mwaka 1985, Tanzania iliporidhia Mkataba wa Sheria ya Bahari, nilikuwa nikifundisha jiografia katika chuo cha ualimu. Mwanachuo mmoja, kijana wa Kigogo ambaye hakuwa ameiona bahari, aliniuliza: "Mwalimu, bahari ni mali yangu kwa haki gani?" Nikamjibu kwamba ni mali ya Taifa. Lilikuwa jibu la mwalimu anayetaka kufuta ubao aende zake.

Tarehe 18 Januari 2012 nchi yetu iliwasilisha dai lake, chini ya Mkataba huohuo, juu ya sakafu ya bahari iliyo nje ya maili 200 za baharini, yaani kilometa 370 hivi. Hupewa yule anayethibitisha kwa vipimo kwamba ardhi yake inaendelea chini ya maji. Maji ya juu hubaki kuwa ya wote. Kinachodaiwa ni sakafu na vilivyomo ndani yake.

Hapo nikalipata jibu. Haki hii haitokani na kuiona bahari wala kuivua, bali hutokana na bara. Basi mkulima wa mtama wa Mvumi ana sehemu sawa na mvuvi wa Kilwa.

Lakini, ndugu msomaji, hoja ukishaikubali huna budi kuifuata hadi mwisho wake. Bara haliishii Mutukula wala Rusumo. Mipaka ile ilichorwa na watu. Ikiwa ardhi ndiyo inayonipa haki, mbona isimpe Mganda na Mnyarwanda?

Mkataba umeliona hilo. Kifungu cha 82 kinamtaka anayechimba nje ya maili 200 atoe fungu: asilimia 1 ya uzalishaji katika mwaka wa sita, likipanda kila mwaka hadi asilimia 7 katika mwaka wa kumi na mbili. Fungu hilo hugawiwa mataifa, hasa yale maskini na yasiyo na pwani. Ila nchi inayoendelea ambayo huagiza madini hayo kutoka nje kuliko inavyoyauza imesamehewa. Huenda siku moja tukawa miongoni mwa waliosamehewa.

Huo ndio mtihani wetu. Kusamehewa deni si sawa na kutokuwa nalo, na jirani asiye na pwani atabaki kuwa jirani.

Nikikutana na mwanachuo yule leo nitamwambia: ni mali yako kwa haki ya ardhi unayoikanyaga. Kumbuka tu kwamba hujaikanyaga peke yako.