Swali Lisilo na Mwenyewe

Katika maktaba ya O'Neill ya Boston College, chuo cha Wajesuti huko Massachusetts, upo ukuta unaojibu maswali. Mwanafunzi huandika swali kwenye kikaratasi bila kutaja jina, akakibandika, akaenda zake. Akirudi hukuta jibu limebandikwa hapo hapo, nalo limeandikwa kwa sauti ya ukuta wenyewe: hujitania kwamba ni ukuta tu, kisha hulieleza jambo kwa uzito wake na kumwelekeza muulizaji kwenye kitabu. Yapo maswali ya kipuuzi, yapo ya mapenzi, yapo ya upweke na ya imani. Ni rahisi kuuona huo kuwa mchezo wa watu walioshiba. Hata hivyo unaibua suala la maadili linalougusa mkoa wa Songwe, Tanzania, kuliko Massachusetts: je, swali lisilo na mwenyewe lina haki ya kujibiwa, na anayelijibu kwa utani analitendea haki? Nasema ndiyo kwa yote mawili, kwa sharti moja, nalo linamhusu anayejibu, si anayeuliza.

Malezi yetu yanasita hapo. Kwetu swali lina adabu zake: huanza na shikamoo, likafuatiwa na "wewe ni mtoto wa nani?", na mara nyingi muulizaji ameshapimwa kabla swali halijamtoka mdomoni. Utaratibu huo una hekima, kwa kuwa mzee anayekujua anajua pia akueleze kiasi gani. Lakini una gharama, na anayeilipa ni yule ambaye swali lenyewe linamfichua. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Songwe asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 22. Sababu zake ni nyingi, umaskini na ndoa za mapema zikiwemo, na sidai kwamba kikaratasi cha ukutani kingezifuta. Nadai jambo dogo zaidi: miongoni mwa wasichana hao hawakosi waliokuwa na swali na wasiwe na pa kulipeleka. Hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya kawaida, mimba ilikuwa mwisho wa masomo ya msichana. Katika hali hiyo, binti aliyemwuliza mwalimu siku za hatari ni zipi alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ni kweli kwamba shule na zahanati nyingi zina sanduku la maoni, lenye kufuli na upenyo juu. Sanduku limeshakubali kwamba mtu anaweza kusema bila jina, ila linaishia hapo: maneno yanaingia, hayatoki. Ukuta umeongeza kitu kimoja tu. Jibu linarudi hadharani, aliyeuliza analisoma akiwa katikati ya wenzake bila yeyote kujua kwamba ni lake, na yule ambaye hakuwa na ujasiri hata wa kuandika analisoma pia.

Wanaosema kwamba kuficha jina ni utovu wa adabu mbele ya elimu wana visa viwili vya kuvijibu, na vyote husomwa katika misikiti na makanisa ya Tunduma, mji wa mpakani wa Songwe. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Umar, mgeni mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, asiye na dalili ya safari, aliingia barazani kwa Mtume. Hakuna aliyemjua. Alikaa karibu, goti kwa goti, akauliza kuhusu Uislamu, imani na ihsani, akajibiwa yote bila kudaiwa jina. Alipouliza Kiyama kitakuja lini, Mtume alijibu kwamba katika hilo aulizwaye hana ujuzi zaidi ya muulizaji. Baada ya mgeni kuondoka ndipo waliokuwepo walipoambiwa kwamba alikuwa Jibrili, na kwamba alikuja kuwafundisha dini yao. Maswali ya asiyejulikana yakawa somo la wote waliosikiliza. Kisa cha pili ni cha Nikodemo, mkuu wa Wayahudi, aliyemwendea Yesu usiku. Alijificha kwa wengine, si kwa Yesu, na tofauti hiyo naikubali. Lakini hakuambiwa arudi mchana. Alijibiwa kwa mafumbo, tena akachokozwa kidogo: yeye ni mwalimu wa Israeli, inakuwaje hayajui haya? Injili ya Yohana, inayosimulia kisa hicho, inamwonyesha baadaye akileta manemane na udi kwa ajili ya mazishi ya Yesu, safari hii bila kujificha. Aliyemjibu usiku hakumfundisha woga.

Kuhusu utani, sina haja ya kwenda mbali. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha miaka ya 1940. Aliona kwamba mwingi ulitokana na vita vilivyokwisha, kama baina ya Wahehe na Wangoni, au na safari za misafara, kama baina ya Wanyamwezi na watu wa njiani kuelekea pwani. Watani wa namna hii hawahitaji kujuana. Mnyamwezi na Mzaramo waliokutana leo stendi wanaanza kutupiana maneno papo hapo, kwa kuwa kinachojulikana ni uhusiano, si mtu. Na msibani, mahali ambapo mzaha ungeonekana haramu kuliko pote, ndipo mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu hawathubutu, huku mikono yake ikifanya kazi za msiba. Upo pia utani wa bibi na mjukuu, unaomruhusu bibi kumwita mjukuu wa kiume mume wake, na ndani ya mzaha huo mambo ya mwili yalizungumzwa bila kumchoma mtu. Tunduma ni mji uliokuzwa na mpaka, barabara ya Zambia, reli ya TAZARA na malori yanayosubiri kuvuka. Vijana wengi wanaishi vyumba vya kupanga, na bibi yuko Ileje, Momba, au ng'ambo Nakonde. Nafasi yake haikufutika. Imebaki wazi, na kwa sasa wanaoijaza ni simu na rika. Simu hujibu haraka, lakini humjibu mmoja peke yake, na mara nyingi simu yenyewe ni ya mtu mwingine nyumbani. Kwa hiyo maktaba ikijibu kwa utani haishushi hadhi ya elimu. Inashika nafasi ambayo desturi zetu zenyewe ziliona haja ya kuiweka.

Pingamizi lililo zito zaidi halitoki kwa wazee wa Songwe bali kwa Plato. Katika kitabu chake Phaedrus, Socrates analalamika kwamba neno lililoandikwa hutangatanga kila mahali, likawafikia wanaolielewa na wasiohusika nalo, wala halijui limwambie nani na limnyamazie nani. Bibi humkadiria mjukuu. Ukuta haujui kama aliyeuliza ni mtoto wa kidato cha kwanza au dereva wa miaka arobaini. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu ukuta hauwezi kuchukua nafasi ya mshauri. Ila naona kwamba kutojua huko kunamfunga anayejibu kwa namna yenye faida. Hawezi kumdharau muulizaji kwa kabila lake, wala kumwogopa kwa cheo cha baba yake, na kwa kuwa kila mtu atasoma, analazimika kuandika jibu ambalo halitamdhuru yeyote kati yao. Jibu la uso kwa uso humfaa mmoja, na wakati mwingine humwonea huyo mmoja. Isitoshe, kikaratasi kingine kinaweza kubandikwa kesho kusema kwamba jibu la jana halikutosha, jambo ambalo vitabu alivyovilalamikia Socrates havikuliruhusu.

Linabaki sharti. Anayejibu naye amejificha nyuma ya ukuta, na katika ukanda huu tunajua vizuri hatari ya jibu lisilo na mwenyewe. Mwaka 1935 mwanaanthropolojia Audrey Richards aliandika kuhusu mchapi, wasaka wachawi waliozunguka nchi ya Wabemba, ng'ambo ya mpaka. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia mwingine, Roy Willis, aliwachunguza wenzao, kamchape, huko Ufipa, na mpaka leo lambalamba wanaitwa vijijini kufanya kazi ile ile. Watu wana swali la haki kabisa: kwa nini mtoto amekufa? Ramli hulijibu kwa kutaja mtu, na anayetajwa hana pa kukata rufaa, kwa kuwa aliyetoa jibu hasemi amelipata wapi. Maktaba hujibu kwa kutaja kitabu. Aliyeuliza kuhusu mwili wake anapelekwa namba 612 ya mpangilio wa Dewey, aliyeuliza kuhusu Biblia 220, aliyeuliza kuhusu Uislamu 297, naye anaweza kwenda kusoma na kukuta kwamba ukuta ulikosea. Kwangu huo ndio mpaka baina ya utani na ulaghai. Muulizaji anaweza kukosa jina bila hasara. Chanzo cha jibu hakiwezi. Na pale ambapo hakuna chanzo, ukuta uandike "sijui" kwa herufi zile zile za majibu yake mengine.

Kwa sababu hiyo hiyo, uhuru huu wa kutotaja jina unalifaa swali, hauifai tuhuma. Kikaratasi kinachouliza kama ni kweli mwalimu fulani anafanya jambo fulani kimevaa alama ya kuuliza tu. Ndani yake kuna mtu wa tatu asiyeweza kujitetea, na hakistahili kubandikwa, sembuse kutaniwa. Kingine ni kile ambacho nyuma ya swali lake unasikia mtu aliye hatarini: binti anayeuliza kama kulazimishwa na mtu wa nyumbani kwao kunahesabika. Hapo utani unakoma. Ukuta utaje 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, na dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, uandike saa ambazo mkutubi yuko mezani, na usiongeze neno.