Mkoba wa Kwenda Kujifungua: Je, Ni Kazi ya Nani?



Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo hapa kwetu Waithaka, kijana mmoja alinivuta kando karibu na lango. Mke wake alikuwa amebakisha wiki tano hivi kujifungua. Akaniuliza, "Mwalimu, ni vibaya kumnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa?"

Nilicheka kidogo nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Ndipo akanikumbusha kwamba miaka miwili iliyotangulia walimpoteza mtoto wao wa kwanza siku ile ile aliyozaliwa. Walikuwa wamenunua kila kitu: shali, kofia, soksi, hata beseni dogo la kumwogeshea. Mke wake alirudi nyumbani mikono mitupu, akavikuta vyote vimepangwa juu ya kitanda. Sasa mama yake kijana amesema kwamba hakuna kitu cha mtoto kitakachoingia katika nyumba ile mpaka mtoto asikike akilia. Mke anataka kujiandaa lakini anaogopa. Na yeye mume? "Mimi nimewaachia wenyewe, Mwalimu. Hayo ni mambo ya akina mama."

Ndugu msomaji, hapo pana maswali mawili. La kwanza, je, kujiandaa ni kuita mkosi, au ni kukosa kumtumaini Mungu? La pili, kazi ya kujiandaa ni ya nani? Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu liliwahi kunitia aibu mimi mwenyewe.

Ulikuwa wapi?

Mwaka wa 2006 mke wangu alipokuwa akingoja mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa na jibu kama la kijana huyu. Nililipa kodi ya nyumba, nilileta unga, Jumapili nilikuwa kanisani. Nilifikiri mume mwema ni yule anayetoa pesa akiombwa.

Usiku mmoja wa Aprili, mvua inanyesha na stima zimepotea, mke wangu aliniamsha. Kibiriti sikujua kilipo. Kadi ya kliniki sikujua ilipo. Nilifungua sanduku moja baada ya jingine huku yeye ameegemea ukuta, akiniambia kati ya uchungu mmoja na mwingine, "Si hapo. Chini ya ile nguo ya kijani." Fikiria, msomaji! Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa anamwonyesha mwanamume mzima vitu vya nyumbani kwake mwenyewe.

Gari sikuwa nimepanga. Jirani mwenye pikapu aliamka akatusaidia. Mama mmoja wa ploti yetu alimfunika mke wangu kwa leso yake, na katika pindo la leso hiyo alikuwa amefunga noti kadhaa za shilingi mia. Zilitufaa kuliko mshahara wangu wa mwezi ule. Mtoto alizaliwa salama, akafungwa katika leso ya jirani. Mke wangu alikaa na gauni alilokuja nalo, lenye damu, hadi saa nne asubuhi, kwa sababu sikuwa nimebeba lingine. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Baba, hii miezi tisa yote ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nyumbani kila siku. Ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kulala katika nyumba kila usiku na bado asiwe amekaa na wenzake.

Wengine watasema kwamba zamani wanaume hawakukaribia mambo ya uzazi. Ni kweli. Lakini zamani mama aliyejifungua alikuwa na mama mkwe, mashangazi, wake wenza na majirani wa ukoo mmoja. Mume aliweza kukaa mbali kwa sababu wengi walikuwa karibu. Leo sisi tunaishi katika ploti za kukodi. Mama mzazi wa mkeo yuko Murang'a, au Kakamega, au Machakos. Jirani wa mlango wa pili huondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Tukiwaondoa hao wote kisha mume naye aseme "si kazi yangu", anayebaki ni nani? Anabaki mama peke yake na uchungu wake. Hiyo si mila tena. Ni kumtelekeza tu, na kulitumia jina la mila kama kisingizio.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baba naye ni mzazi. Hawezi kuuchukua uchungu wa mwili, lakini anaweza kuuchukua wasiwasi: nani atatupeleka, tutalipa nini, kadi iko wapi. Hata sheria ya nchi imeona jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu, na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Sisi wa jua kali hatuna mwajiri wa kutupa likizo hiyo. Basi tujiulize, sisi wenyewe tumejipa siku ngapi?

Kujiandaa na kuogopa

Sasa nirudi kwa swali la kwanza. Tusimcheke mama yake kijana yule. Wazee wetu waliishi wakati ambapo watoto wengi walikufa wachanga. Kunyamaza juu ya mtoto asiyezaliwa ilikuwa njia ya kuulinda moyo. Hawakuwa wajinga, walikuwa wamezika.

Lakini tuangalie vizuri: je, wazee hao hawakujiandaa kabisa? Katika jamii nyingi walijiandaa sana. Unga wa wimbi wa kupika uji ulisagwa. Kuni zilikusanywa. Kwetu Wagikuyu, mama aliyejifungua alikuwa apikiwe njahi ili apate nguvu. Hivyo vyote vilikuwa vya mama. Waliogopa kumtaja mtoto, lakini mama hawakumsahau. Sisi wa siku hizi tumegeuza mambo. Nimeona mikoba iliyojaa nguo za mtoto za kupendeza, na ndani yake mama hana hata patipati za kwenda bafuni.

Tena tukumbuke Bethlehemu. Injili ya Luka inatueleza kwamba Mama Maria alijifungua akiwa safarini, mahali pasipo na nafasi kwa ajili yao, naye akamfunga mtoto nguo. Nguo hizo zilikuwapo. Mtu fulani alikuwa amezifikiria mapema. Kama mama huyo, ambaye tumaini lake kwa Mungu hatulitilii shaka, hakukosa nguo za mwanawe, sisi tuna sababu gani ya kusema kwamba kujiandaa ni kukosa imani?

Na mkosi je? Kofia haiui mtoto. Kinachoua ni damu nyingi inayomtoka mama bila kuzuiwa, maambukizi, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na kuchelewa kufika hospitali. Mkoba uliofungwa mapema hupunguza kuchelewa huko. Haukomeshi kifo. Siwezi kumwahidi yeyote kwamba akijiandaa hatalia, wala wewe usimwahidi mkeo hivyo.

Lakini nilimwuliza kijana yule swali moja: "Mke wako alipokuwa bado hospitalini, nani alipaswa kuziondoa zile nguo kitandani?" Akainama. Nikamwambia haraka kwamba simlaumu, maana naye alikuwa amefiwa. Tulipaswa kuziondoa sisi. Jumuiya yetu tulikwenda pale, tukasali, tukaacha sukari na majani ya chai, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kile kitanda. Nguo zile hazikuleta huzuni. Zilishuhudia kwamba mtoto yule alipendwa na alingojewa, na upendo huo haukupotea bure. Kilichomjeruhi mama yule mara ya pili ni kwamba hakuna mtu aliyemwandalia yeye kurudi kwake. Kosa halikuwa kujiandaa kupita kiasi. Tulijiandaa nusu.

Basi tufunge mkoba

Mkoba uwe tayari mimba inapotimiza miezi minane, kwa maana watoto wengine hawangoji tarehe. Ufungeni pamoja, mume na mke, ili kila mmoja ajue kilipo kila kitu hata gizani. Waulizeni wauguzi wa kliniki orodha yao, kwa kuwa hospitali hutofautiana. Lakini haya hayakosi kufaa.

Karatasi kwanza: kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, vitambulisho, na namba ya bima. Wengi wetu tulizoea huduma ya kujifungua bila malipo iliyoanza Juni 2013, na baadaye Linda Mama. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Basi hakikisheni mapema kwamba mmejisajili na mchango umelipwa. Usiku wa uchungu si wakati wa kupanga foleni.

Kisha mama: leso mbili au tatu, magauni mapana yanayofunguka mbele ili anyonyeshe bila taabu, chupi kubwa, pedi kubwa na pamba, taulo, sabuni, mswaki, patipati, beseni, kikombe, sweta na thamosi ya uji. Akipasuliwa, atahitaji gauni lisilobana kidonda.

Kisha mtoto: shali mbili, kofia, soksi, nguo chache na nepi. Si lazima ziwe mpya. Nguo za mtoto wa dada zilizofuliwa vizuri na kuanikwa juani zinatosha kabisa. Chupa ya maziwa iacheni dukani. Wataalamu wa afya hushauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza.

Na mkoba wa mume je? Huo ni simu yenye chaji, nauli iliyotengwa na isiyoguswa, namba ya dereva aliyekubali kuamshwa usiku, na jina la ndugu aliye tayari kutoa damu ikihitajika. Kutoka kwetu hadi Barabara ya Naivasha si mbali mchana. Saa nane usiku, kukiwa na matope, ni mbali sana.

Msisahau siku za kurudi nyumbani. Mama aliyezaa ana kidonda hata asipopasuliwa. Mume ateke maji, afue nguo, na amwache alale. Damu ikilowesha pedi upesi upesi, au akishikwa na homa, au kichwa kikimwuma sana na macho yakaona ukungu, arudishwe hospitalini mara moja bila kungoja kesho. Na akilia kila siku bila sababu inayoonekana, usimwambie kwamba hana shukrani. Huo nao ni ugonjwa, na una matibabu.

Huko Ufini, tangu mwaka wa 1938 serikali imekuwa ikiwapa akina mama sanduku lenye nguo na mahitaji ya mtoto mchanga. Mwanzoni lilikuwa la maskini, na tangu 1949 ni la kila mama, mradi aende kliniki mapema. Sisi si matajiri kama Ufini. Lakini jumuiya ya nyumba ishirini inashindwa kuwa na mkoba mmoja wa shali na leso safi, wa kumpa mama asiye na kitu? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama yake kijana

Unataka kujua kijana yule alifanya nini. Hakugombana na mama yake. Vitu vya mke wake alivifunga yeye mwenyewe, akaviweka nyuma ya mlango. Vitu vya mtoto, vichache tu, alivileta kwetu, mke wangu akavihifadhi. Hivyo mama yake aliheshimiwa, na mke wake akaondokewa na hofu ya kwenda mikono mitupu.

Usiku wa saa kumi hivi tulisikia hodi langoni. Nilidhani ni kijana. Kumbe ni mama yake, amejifunga leso kichwani, tochi mkononi. Hakuniamkia. Alimwambia mke wangu, "Mama, nipe nguo za mgeni wetu."

Mpenzi msomaji mwanamume, leo jioni usimwulize mkeo kama ameshajiandaa. Mwulize, "Mkoba wetu tumeuweka wapi?" Kama hujui jibu, anza hapo.

Mungu aibariki nyumba yako.