Kosa la Aliyelala

Wahenga walisema, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Kila nikiusikia usemi huo humkumbuka mwanangu wa pili, jinsi alivyokuwa akiamshwa alfajiri kwa kupapaswa shuka, na baada ya shuka kupapaswa, kwa kofi. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni dogo kwa sura yake, na huenda wengine wakacheka. Mtoto anayekojoa kitandani amekosa nini? Na kama hakukosa, sisi tunaomwadhibu huwa tunaadhibu kitu gani?

Ilikuwa mwaka 1983, mjini Tanga. Wanaoukumbuka mwaka huo watakumbuka pia sabuni. Ilikuwa miaka ya uhaba. Kipande cha sabuni ya kufulia kilipangiwa foleni, na Serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mimi nilikuwa karani, mwenye watoto wanne, vyumba viwili, na godoro moja la sufi kwa wavulana. Anayelijua godoro la sufi anajua kwamba likilowa halikauki upesi. Wakati wa masika linaweza kuanikwa siku tatu na bado ukilibonyeza katikati ukasikia unyevu, na harufu yake humpokea mgeni tangu mlangoni. Mwanangu alikuwa na miaka saba, na kwa juma zima alikuwa akiamka mkavu siku mbili tu, pengine moja.

Tulifanya yale ambayo kila mzazi hufanya. Tulimnyima maji baada ya magharibi. Tulimwamsha usiku wa manane tukamwongoza chooni huku akipepesuka kwa usingizi, na alfajiri tukamkuta amelowa vilevile. Tulimhoji kama alikuwa akichezea moto. Kisha ikaja bakora, nami nikajitetea kwa methali, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Bakora nayo iliposhindwa, ndugu yangu mmoja akanipa ushauri ambao watu wengi wa rika langu wanaujua. Atwishwe godoro lake kichwani, azungushwe mtaani, na watoto wenzake wamfuate wakipiga makopo na kumwimbia.

Nilikubali. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilimtwisha mwenyewe, kisha nikatembea nyuma yao ili nihakikishe hakatizi njia. Jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni kwamba mtoto hakulia. Tuliporudi nyumbani alilitua godoro uani, akaligeuza upande uliolowa uelekee jua, akalinyoosha pembe zake kwa uangalifu, kama mtu mzima anayemaliza kazi yake. Kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa akifundisha watoto chuoni, alikuwa barazani kwake akiyatazama yote. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumefundishwa kwamba kuna watu watatu ambao kalamu haiwaandikii dhambi. Aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka akili zimrudie. Huyu wako amekwisha kupata mbili kati ya tatu. Wewe umeipata wapi kalamu ya kumwandikia?" Sikuwa na jibu. Niliaga nikaingia ndani, na moyoni nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo. Hayakuwa ya mzee yule peke yake, wala ya dini yake peke yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa kale, aliandika kwamba sifa na lawama humstahili mtu kwa yale ayatendayo kwa hiari yake. Yanayotendeka kwa kulazimishwa au kwa kutojua yanaweza kusamehewa, na mara nyingine kuhurumiwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, ingawa haikumwondolea mzazi haki ya kumrudi mwanawe, inasema kwamba adhabu haina uhalali ikiwa mtoto, kwa umri wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa inalenga nini. Basi mtu anayeadhibiwa kwa jambo lililompata akiwa usingizini ataelewa nini? Ataelewa kwamba asilale?

Sisi wazazi tunalihisi tatizo hili hata tusipolikiri, na ushahidi wake ni ule msemo wa moto. Nani katika nchi hizi hakuambiwa utotoni, "Usichezee moto, utakojoa kitandani"? Zamani niliudhani kuwa ni ujanja tu wa kuwaweka watoto mbali na jiko. Sasa naona una kazi nyingine pia. Unamtafutia mtoto kosa la mchana ili adhabu ya alfajiri ipate pa kusimama. Tunajua kwamba usiku hakutenda lolote, kwa hiyo tunarudi nyuma mpaka jioni, mahali alipokuwa macho na ana hiari, tunamkuta na kijinga cha moto mkononi, tunasema, naam, ndilo hili.

Hata lugha yetu, nikiisikiliza vizuri, haikumweka mtoto huyu pamoja na wahalifu. Mwizi, mwongo, mlevi, mvivu, hao wote wako katika safu ya watu watendao. Kikojozi yuko pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kibogoyo. Sisemi kwamba hiyo ni kanuni ya sarufi, maana kiongozi na kinyozi nao wamo humo. Lakini ni faraja kidogo kuona kwamba waliotuachia maneno haya walimpa jirani wa aina hiyo.

Majuma mawili baada ya siku ile ya makopo, mama yangu alikuja kututembelea kutoka Pangani. Alfajiri ya kwanza alinikuta na bakora mkononi. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Unampiga mwenzako?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanishika mkono akanitoa nje, akaniambia kwamba mimi nilikojoa kitandani mpaka mwaka wangu wa tisa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kila alfajiri, kabla baba hajarudi kutoka baharini na kabla watu wa nyumba hawajaamka, alikuwa akinisogeza upande mkavu, akiuondoa mkeka, akiusuuza, na kuuanika nyuma ya banda la kuku. "Mkeka wako sikuuanika hadharani hata siku moja," akasema. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimesahau kabisa. Sivyo. Nilikuwa nakumbuka ile baridi ya alfajiri mgongoni, lakini nilikuwa nimeifungia mahali ambapo sikuwa nikienda.

Baadaye, katika kusoma, nilijifunza zaidi ya alivyojua mama. Madaktari wanasema hali hii huwa na sababu tatu kubwa, nazo huweza kukutana. Kuna homoni inayouambia mwili upunguze kutengeneza mkojo usiku, na kwa watoto wengine haijawa ya kutosha. Kuna kibofu ambacho bado kina nafasi ndogo au hujikamua mapema. Na kuna usingizi ambao habari ya kibofu haiwezi kuupenya. Kabla ya miaka mitano hawaihesabu hata kuwa ni tatizo. Kwa watoto wa miaka saba, kati ya watano na kumi katika kila mia bado wana hali hiyo, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Tena hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa nayo, karibu nusu ya watoto wake huweza kuwa nayo. Basi tazama mahali nilipokuwa nimesimama na bakora yangu. Nilikuwa namchapa mtoto kwa urithi niliomwachia mimi mwenyewe, na kwa kuwa urithi huo ulinitia aibu, nilichapa kwa nguvu zaidi.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali langu la pili. Hatuadhibu mkojo. Mkojo hufuliwa. Tunaadhibu aibu yetu mbele ya majirani, sabuni iliyokwisha, usingizi wetu uliokatizwa, na wakati mwingine mtoto tuliyekuwa zamani. Mtoto aliyelowa ndiye mtu wa karibu na asiyeweza kujitetea, kwa hiyo yote hayo yanamshukia yeye.

Wako watakaoniambia, "Lakini fimbo inaponya." Ndugu yangu yule alisema hivyo hivyo, maana mwanangu aliacha kukojoa miezi minane baada ya kuzungushwa mtaani, naye akajihesabia ushindi. Mwandishi Mwingereza, George Orwell, alieleza katika insha iliyochapishwa mwaka 1952, baada ya kifo chake, jinsi alivyochapwa kwa kukojoa kitandani alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka minane. Yeye mwenyewe alikiri kwamba baada ya kuchapwa kulikoma, kwa hiyo pengine dawa hiyo ya kikatili hufanya kazi, ila kwa bei kubwa. Bei aliyoieleza ni hii, kwamba tangu hapo aliamini dhambi inaweza kumjia mtu bila yeye kuitenda, wala kuitaka, wala kuweza kuikwepa. Mtoto akiisha kuamini hivyo, utamfundishaje tena tofauti ya kukosa na kutokosa?

Isitoshe, mimi siamini tena kwamba fimbo ndiyo iliyoponya. Kila mwaka, katika kila watoto saba wenye hali hii, karibu mmoja huacha mwenyewe bila dawa yoyote, kwa kuwa mwili umekua. Kwa hiyo chochote ukifanyacho, ukisubiri vya kutosha, kitaonekana kimeponya. Aliyechapa atasema ni bakora, aliyekwenda kwa mganga atasifu kombe alilonyweshwa mtoto, na aliyemwacha alale atasema ni subira. Tofauti yao haiko katika shuka, maana mwisho wa yote shuka zote hukauka. Tofauti iko katika yale ambayo mtoto atakuwa ameyajua kuhusu wazazi wake kabla hazijakauka. Hata hivyo nisieleweke vibaya. Mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi mingi akaanza tena ghafla, au anayesikia maumivu, au mwenye kiu isiyokwisha, apelekwe hospitali, maana huenda ni maradhi, au huenda kuna jambo limemtisha.

Nirudi kwa mama. Asubuhi ile, nikiwa bado nimeshikwa mkono, nilimuuliza, kwa namna ya mtu anayetaka kujitoa kwa heshima, "Basi, mama, nimsamehe kila siku?"

Akasema, "Usimsamehe. Hajakukosea. Mfulie tu."

Nimezeeka nikilitafakari jibu hilo. Sisi hudhani kwamba kinyume cha kuadhibu ni kusamehe, na tunapomwambia mtoto, "Haya, leo nimekusamehe," tunajiona wema. Lakini msamaha nao ni hukumu. Unasema kwamba ulikosa, ila nimekuachia. Mtoto anayesamehewa kila asubuhi kwa jambo asilolitenda anatiwa hatiani kila asubuhi, tofauti ni kwamba hachapwi. Asiye na kosa hadai msamaha wetu. Anadai shuka kavu. Na kama kuna msamaha unaotafutwa katika habari hii, mwenye kuutafuta ni yule aliyekuwa macho.

Niliutafuta. Miaka mingi ilipita kwanza, maana si rahisi baba kumwomba radhi mwanawe. Alipokuja likizo na familia yake, nilimwita barazani nikamwambia kwamba siku ile ya godoro nilimkosea. Alinyamaza kwa muda. Akasema, "Baba, bakora nimezisahau. Nakumbuka tu kwamba wewe ulikuwa nyuma, na mimi nilidhani umekuja kuwafukuza." Hakuongeza neno, wala hakusema kwamba yamekwisha. Sikumlazimisha.

Katika likizo ile ile mjukuu wangu, mwenye miaka sita, alilowesha kitanda cha wageni. Nilimkuta amekaa pembeni, amekunja miguu, akisubiri kuona babu atafanya nini. Nilimwambia, "Hata mimi, babu yako, nilikuwa hivyo, na baba yako vilevile." Alinitazama kama mtu anayedanganywa, kisha akauliza kama hata siku hizi. Nilicheka, lakini swali lake lilinigusa pabaya. Nina miaka sabini na sita. Daktari amenieleza habari za tezi dume, na usiku huamka mara tatu. Ziko siku ambazo sifiki mlangoni kwa wakati. Mke wangu hubadilisha shuka gizani bila kuwasha taa na bila kusema neno, nami hulala tena nikijifanya sikuamka.

Nilidhani hakuna mwingine anayejua. Siku mbili baadaye mwanangu alikwenda sokoni akarudi na mipira miwili ya kutandika chini ya shuka. Mmoja aliutandika kwenye kitanda cha mtoto. Wa pili aliutandika chumbani kwetu wakati mimi niko nje, akanyoosha pembe zake vizuri, akatandika shuka juu. Jioni nilipoingia kulala niliusikia ukilia chini yangu. Asubuhi yake tulikunywa chai pamoja, na hakuna aliyemsamehe mwenzake jambo lolote.