Je, Anayetuma Fedha Amemaliza Deni?

Siku hizi twasikia neno moja likisemwa na watu wengi wa mijini, vijana kwa wazima. Wakiulizwa kwa nini hawajafika kwao miaka mitatu au minne, hujibu: "Kila mwezi nawatumia wazee fedha. Nadaiwa nini tena?" Swali hilo si la mzaha, wala halistahili kujibiwa kwa kukemea tu. Yafaa tulipime kwa akili na kwa imani.

Kwanza tukubali kwamba hali ya watu imebadilika. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki nne. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni tano. Wengi walitoka katika vijiji vyetu, wakifuata shule na kazi, na hawakutenda dhambi kwa kuondoka. Tena, tangu ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008 njia ya kutuma fedha kwa simu, mtoto aliye mbali aweza kumfikishia mama yake bei ya dawa kabla jua halijatua. Zamani fedha hiyo ilimngoja msafiri mwaminifu, na pengine msafiri huyo hakuwa mwaminifu. Jambo hili ni jema.

Wala tusimdharau anayetuma. Udugu ni kufaana, wasema wazee wetu. Bwana wetu Yesu Kristu, kama tusomavyo katika Injili ya Marko, aliwakaripia vikali wale waliofundisha kwamba mtu akiitaja mali yake kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, basi amefunguliwa asiwasaidie baba na mama. Neno hilo latugusa hata sisi mapadre. Mchango wa kujenga kanisa haumfungui mtu asimnunulie mama yake blanketi. Asiyetuma kitu, naye anacho, asitafute kinga katika maneno yetu yafuatayo.

Lakini je, anayetuma amemaliza? Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino atusaidia kupambanua. Afundisha kwamba mzazi ana haki za namna mbili. Haki ya kwanza ni yake kwa kuwa ni mzazi, nayo ni heshima na utumishi. Haki ya pili humpata kwa sababu ya hali fulani iliyomfikia: akiugua, atazamwe na kuuguzwa, akiwa maskini, alishwe. Tumfikirie basi mzee mmoja aliyestaafu, mwenye pensheni yake, ng'ombe wa maziwa na nyumba ya bati. Hana haja ya shilingi ya mtu. Kama deni la watoto ni fedha tu, mzee huyu hadai kitu, nao waweza kumsahau kwa dhamiri safi. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali hivyo. Basi twaona wazi kwamba fedha si mzizi wa deni.

Tena deni hili si kama la sokoni. Ukinunua gunia la mahindi ukalipa bei yake, mwaachana kwa amani, wala hamdaiani hata salamu. Mtoto hawezi kumrudishia mzazi uhai aliompa, wala usiku alioukesha akimwuguza surua. Ndiyo maana Mtakatifu Tomaso aliliweka deni hili karibu na lile tunalodaiwa na Mungu: twalitoa siku zote, wala hatufiki mahali pa kupewa stakabadhi.

Huenda mtu akasema, "Lakini heshima naitoa pia. Napiga simu kila Jumapili." Vema, sauti ya mtoto ni dawa, naye aendelee. Hata hivyo simu huambiwa tu yale ambayo mama amependa kuyasema, na mama husema siku zote, "Hatujambo, mwanangu." Macho huona zaidi. Aliyefika nyumbani ndiye huona kwamba paa lavuja juu ya kitanda, kwamba mama hupika mara moja kwa siku, na kwamba zile dawa zilizonunuliwa kwa fedha aliyotuma zimewekwa rafuni bila kufunguliwa, kwa sababu hakuna aliyemsomea maandishi yake.

Tutwae mfano wa Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Kilema mwaka 1890 na ya Kibosho mwaka 1893. Kila Desemba Wachagga waliotawanyika mijini hurudi mlimani kwa mabasi na magari, nao wenzao huwatania kwa safari hiyo. Lakini kuna hekima ndani yake. Huko ndiko kiliko kihamba, shamba la migomba na kahawa, na ndimo walimozikwa wazee wao. Mipakani mwa vihamba huota mmea uitwao isale. Mtu aliyekosana na ndugu yake akitaka kuomba msamaha hupeleka jani la isale, na ni vigumu sana kwa aliyeletewa kulikataa. Ajabu ni kwamba jani lile lile lionyeshalo mpaka kati ya ndugu na ndugu ndilo liwapatanishalo. Sokoni halina bei. Nguvu yake yote ni kwamba mtu amelichukua mkononi akaja nalo. Ni magomvi mangapi ya urithi katika jamaa zetu yamedumu miaka kumi kwa sababu hakuna aliyekuja?

Zaidi ya deni hilo liko la pili, ambalo wengi hawalioni. Ewe uliye mbali, ni nani aliyemchotea mama yako maji alipovunjika mguu? Ni nani aliyekwenda usiku kumwamsha katekista, naye katekista akapanda baiskeli yake kumwita padre alete Mpako wa Wagonjwa? Ni jirani zako wa jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, waliuweka ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu mbele katika kazi ya uchungaji. Kila juma watu wa nyumba chache hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana nani mgonjwa na nani hana chakula. Hao ndio waliofanya kazi yako ulipokuwa hupo, wala hawakukuletea hesabu. Hivyo anayerudi kwa wazazi wake hawezi kuwapita hao kama miti ya kando ya njia.

Nasi twahuzunika kuwaona wengine wakirudi kama wageni. Gari huegeshwa nje ya baa tangu asubuhi. Jumapili hutangazwa kwa kipaza sauti mchango wa mabati ya kigango, watu hupiga makofi, na kesho yake mfadhili huondoka bila kuketi hata saa moja katika jumuiya iliyomtunza baba yake. Mchango si mbaya. Bati ni bati, na mvua haiulizi limetoka kwa nani. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwana wa nyumbani hujulikana kwa kushika jembe hata siku ya kwanza.

Sasa tuwafikirie wasioweza kuja. Yuko mlinzi asiyepewa likizo, mtumishi wa nyumbani ambaye mshahara wake hautoshi nauli, muuguzi mwenye zamu siku ya Noeli. Yuko pia aliyepigwa na kuumizwa katika nyumba aliyozaliwa. Huyu aombewe neema ya kusamehe, wala asilazimishwe kulala tena mahali pa hatari. Mungu hamdai mtu asichoweza. Na tumtazame Bwana wetu msalabani. Hakuweza tena kurudi Nazareti. Alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua nyumbani kwake. Mwana asiyeweza kubaki alimpa mama yake mtu. Nawe usiyeweza kufika, mwombe jirani mmoja kwa jina aingie kwa mama yako kila siku, umwonyeshe shukrani, na ujue habari zake.

Nanyi wazazi, mtuvumilie tukisema neno. Wengi hawarudi kwa sababu ya aibu, wala si kwa kiburi. Kazi imekwisha, biashara imeanguka, nao wakumbuka jinsi ndugu yao aliyekuja na magunia alivyochinjiwa mbuzi, na aliyekuja mikono mitupu alivyopokewa kwa kimya. Baba yule wa Injili, mwanawe alipotokea mbali, alipiga mbio kumlaki, wala hakuuliza kwanza fedha imekwenda wapi. Mtoto ajue kwamba mlango haufunguliwi na mzigo.

Basi jibu letu ni hili. Anayetuma fedha ametimiza wajibu mmoja wa kweli, na sifa yake tusimwondolee. Hajamaliza deni, kwa kuwa deni la mtoto kwa mzazi halikuwekwa ili limalizwe, bali ili liwaunganishe. Anayeweza kwenda, akate tiketi mapema. Akifika awasalimu wazee wake kabla ya wote, apatane na nduguye kabla ya sikukuu, apige hodi kwa jirani aliyechota yale maji, na siku ya jumuiya aketi pamoja nao mkekani.