Harusi Imesogezwa Tena

Kikao cha kamati kilifanyika Jumapili jioni huko Kimara, nyumbani kwa baba mdogo wa bwana harusi. Mweka hazina alikuwa na daftari lake la ahadi, sahani za karanga zinazunguka, na upande wa binti walikuwa wamemtuma shangazi mtu afuatilie tarehe, maana sendofu haipangiki kama harusi yenyewe haijulikani ni lini. Aliyekosekana ni bwana harusi. Yeye ni mtumishi wa huduma ya wanafunzi katika chuo kikuu kimojawapo mikoani, na kilichokuja kwa niaba yake ni ujumbe wa sauti, ambao mwenyekiti aliufungulia spika ili tusikie wote.

Bwana asifiwe wazee wangu, akaanza. Akaomba radhi. Wiki ya misheni chuoni imeangukia juma lile lile la ndoa, mhubiri mgeni ameshathibitisha, kwa hiyo anaomba harusi isogezwe hadi Julai, wanafunzi wakishamaliza mitihani. Hii si mara ya kwanza. Tulikuwa tufunge ndoa hii Novemba, ikaonekana mwaka wa kwanza wanaripoti na hakuna wa kuwapokea. Desemba familia ya binti ilikuwa na msiba, Kwaresima kwetu hatufungi ndoa, ndipo tukakubaliana Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Mweka hazina akauliza swali moja tu, na lilikuwa la maana: malipo ya awali ya ukumbi yanarudishwa, au ndiyo yameliwa?

Shangazi hakuuliza kuhusu ukumbi. Alifungua mkoba, akatoa kadi ya mchango wa sendofu, moja kati ya zile zilizokwisha kuchapwa, akaomba kalamu kwa mweka hazina, akaikata tarehe kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akainua uso.

"Samahani ndugu zangu, niandike ipi? Na nieleweshwe pia: binti yetu tunamwoza kwa kijana wenu au kwa chuo?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuomba mambo yaishe. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akakohoa, akasema vijana wa namna hii wamebaki wachache, huyu amemtanguliza Mungu, na tumshukuru Bwana kwa ajili yake. Kamati nzima ikaitika amina. Shangazi hakuitika.

Hiyo amina ndiyo iliyonikosesha raha juma zima. Kikao cha harusi si mahali pa kubishana na mzee wa kanisa, kwa hiyo namjibu hapa. Huduma anayofanyia kazi kijana siitaji, kwa sababu tabia hii nimeiona katika nyingi, na nina hakika wasomaji wengi mmekwisha kukaa katika kikao kinachofanana na kile.

Kwanza nisidhaniwe kwamba naidharau kazi yenyewe. Aliyewahi kusimama kituo cha mabasi au mlango wa hosteli wiki ile ya kuripoti anaijua. Mtoto ametoka Sumbawanga au Kibondo na begi lake na ndoo, hana ndugu mjini, bumu halijaingia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna mtu wa kumuuliza jana ulilala wapi. Watakaomkaribisha juma hilo la kwanza, mara nyingi ndio atakaokuwa nao miaka mitatu yote. Kuna watu wazima leo, mahakimu, madaktari, wakuu wa shule, ambao ukiwauliza walisalimikaje chuoni watakutajia mtumishi fulani aliyekaa nao chini ya mti, akawapikia uji walipougua, akawafuata hadi chumbani walipokaribia kudisko. Kazi hiyo mshahara wake ni michango ya marafiki kwa simu, mwezi huu imekuja, mwezi ujao haijulikani. Sina dharau nayo hata chembe.

Lakini mzee alisema amemtanguliza Mungu. Nauliza: kwa gharama ya nani? Kijana hakupoteza kitu. Atakuwa kwenye misheni aipendayo, miongoni mwa watu wanaomshangilia. Aliyepoteza ni binti, ambaye kazini kwake alishaomba likizo na sasa atakwenda kuifuta, na ambaye kwa miezi yote hii amekuwa akijibu "bado kidogo" kwa kila jirani. Mama yake naye amepoteza, maana alikwisha kuwatangazia ndugu wa Moshi. Na mwenye ahadi aliyekwisha kulipa naye amepoteza. Kijana ametoa sadaka, ni kweli, ila kilichowekwa madhabahuni ni cha watu wengine.

Na jambo hili halikuanza vyuoni. Katika Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu walioweka wakfu mali ambayo ilipasa iwatunze baba na mama zao. Walikuwa wakitamka ni Korbani, imekwisha kuwa ya Mungu, na mzazi anabaki mikono mitupu, huku mtoaji akiheshimiwa kwa uchaji wake. Hasira ya Yesu pale haikuwa kwa watu wasiotoa. Ilikuwa kwa watu wanaotoa haki ya mwingine na kuiita ibada. Ningependa sana kusikia hiyo ikihubiriwa kwenye kongamano la Pasaka.

Najua nitajibiwa kwa Maandiko pia. Nitatajiwa Luka 14, yule aliyealikwa karamuni akatuma udhuru kwamba ameoa. Sawa. Basi tufungue na Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 5, ambapo mwanamume aliyeoa karibuni anaachiliwa mwaka mzima, asiende vitani wala asipewe shughuli, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Vitani, jamani, taifa likiwa hatarini. Wiki ya misheni yenye mhubiri mgeni na maspika ya kukodi si nzito kuliko vita.

Nitatajiwa Paulo pia, aliyetamani watu wote wangekuwa kama yeye bila mke. Hapo sina ugomvi. John Stott, mhubiri wa Kiingereza aliyeendesha misheni katika vyuo vikuu vingi duniani, hakuoa hadi alipofariki mwaka 2011 akiwa na miaka 90, na hakuna shangazi aliyelazimika kukata tarehe kwenye kadi kwa sababu yake. Asiyeoa hana wa kumsubirisha. Kijana wetu hakuchagua njia hiyo. Alituma mshenga, posa ikapokelewa, mahari ikahesabiwa mbele ya wazee. Kuanzia siku ile muda wake si wake peke yake, na hakuna maombi ya mkesha yanayoweza kubadilisha hilo.

Tena wapo wakongwe wa kazi hii ambao habari zao zimeandikwa. Mwaka 1729, pale Oxford, Charles Wesley na wenzake wachache walianza kukutana kusali, kusoma na baadaye kutembelea wafungwa. Wanafunzi wengine wakawacheka, wakawaita Klabu Takatifu. Kaka yake John akaja kushika uongozi. Ukitafuta babu wa fellowship zetu hizi, utafika hapo. Mwaka 1749 Charles alimwoa Sarah Gwynne, na kadiri familia ilivyokua akapunguza safari, akatulia, akaandika tenzi. Mwaka 1751 John naye akamwoa mjane, Mary Vazeille, na mara tu baada ya hapo akaandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba haoni ni vipi mhubiri anaweza kupunguza hata hubiri moja kwa sababu ameoa. Alilishika neno lake. Ndoa ikawa chungu, wakaishia kutengana. Mary alipofariki London mwaka 1781, John aliingia mjini siku ile ile ya mazishi, na habari za mazishi hayo hakuambiwa hadi siku moja au mbili baadaye.

Mpinzani wangu ataruka: lakini ni John aliyetikisa Uingereza! Ni kweli. Wapo pia wanaosema Mary alikuwa na wivu mkali na ulimi mkali, nami sikatai. Bado nasema bei ya mahubiri yale ililipwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja ambaye jina lake halipo kwenye mlango wa kanisa lolote. Na Charles, aliyekaa na wanawe, tunamwimba hata sisi Walutheri.

Jambo jingine linanishangaza kuhusu vijana wetu wa huduma. Hakuna semina ya viongozi wasiyofundishwa Kutoka 18: Yethro alivyomkuta Musa akiamua kesi asubuhi hadi jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wanaijua kwa kichwa. Lakini sura ile haianzii kwenye uongozi. Inaanza kwa Yethro kuvuka jangwa akimletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, aliokuwa Musa amewarudisha kwa mkwewe. Mkwe ndiye aliyewarudisha. Kisha, kesho yake, alipoona ratiba ya mkwewe, ndipo akasema hii si sawa, utachoka kabisa. Semina zinaanzia mstari wa 13. Mistari ya kwanza wanairuka, na ndiyo yenye dawa yao.

Nisiwaonee walokole peke yao. Amiri wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu naye ana darsa Ijumaa, futari za Ramadhani, na simu isiyonyamaza. Ila wenzetu wana kisa cha Salman aliyemtembelea Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha kwa sababu mume anashinda na funga na kukesha na sala. Salman akamwambia nafsi yako ina haki, na mkeo ana haki, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoletewa habari alisema Salman amesema kweli. Mkesha ulikuwepo, na mtu wa kuusimamisha alikuwepo.

Kwa akina dada mzigo ni mzito zaidi. Namfahamu mmoja aliyefanya huduma hii kwa miaka mingi akiwa hajaolewa, na kila kongamano wazee walimuuliza anasubiri nini. Akaolewa. Alipojifungua, akawa haendi tena mikesha, na watu wale wale wakaanza kunong'ona: amepoa. Mtoto ana homa, saa nane usiku amekaa kitandani anampangusa kwa kitambaa, na huko chuoni kuna kijana wa mwaka wa pili anaomba kwa ajili ya "dada yetu aliyerudi nyuma". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, 100 akijifungua mapacha, na baba walau siku 3. Bodi nyingine za huduma zitakwambia hawa si waajiriwa, ni watumishi. Naam, na mtumishi naye mshono wake unauma.

Kinachoniondolea subira kabisa ni hiki. Huduma za wanafunzi zilijengwa makusudi ili zisimtegemee mtu mmoja. Umoja wa kimataifa wa huduma za wanafunzi Wakristo, IFES, ambamo TAFES yetu ya Tanzania imo, ulianzishwa mwaka 1947, na tangu mwanzo msimamo wake ni kwamba wanafunzi wenyewe ndio waongoze ushirika wao. Mwenyekiti wa ushirika anakaa madarakani mwaka mmoja, anahitimu, anakuja mwingine. Katibu anaondoka, timu ya sifa inabadilika nusu nzima, na Ijumaa ijayo ibada ipo kama kawaida. Huenda hakuna chombo nchini kilichozoea kuachwa na watu wake kuliko hiki. Halafu mtu mzima anakuja kutuambia kwamba akiondoka siku kumi na nne kwenda kuoa, kazi ya Mungu itaanguka! Wanafunzi wa miaka 21 wanaoweza kukusanya bumu lao, kukodi basi na kupeleka misheni vijijini, watashindwa kumpokea mhubiri stendi?

Hawatashindwa. Ukweli ni kwamba anachoogopa mtumishi ni kwamba hawatashindwa. Atarudi fungate akute misheni imekwenda vizuri bila yeye. Hofu hiyo naielewa, ya kibinadamu kabisa, ila isivalishwe kanzu na kuitiwa amina.

Na wanafunzi wanatazama. Vitabu vya ndoa na semina za uchumba haviwafundishi kama maisha ya mtumishi wao. Leo wakiona harusi inasogezwa kama kipindi cha mhadhara, kesho ndivyo watakavyosogeza zao, mahafali ya wadogo zao, na siku ya kumpeleka baba kliniki. Tutakuwa tumezalisha watu hodari wa mimbari ambao nyumbani kwao ni wageni.

Kwa hiyo ninyi wajumbe wa bodi, wachungaji, walezi na wazee wa kanisa, neno langu ni kwenu kuliko kwa kijana. Yeye anafuata makofi, na makofi mnapiga ninyi. Kalenda ya mwaka ujao wa masomo itapangwa hivi karibuni. Kabla hamjaandika tarehe ya kongamano wala ya misheni, waulizeni watumishi wenu nani anaoa, nani anatarajia mtoto, nani ana mzazi mgonjwa. Andikeni hizo kwanza, kwa wino. Halafu pangeni misheni katika majuma yanayobaki, yatakuwa mengi.