Mchoraji wa Nyuso za Marubani

Twasoma katika 1 Samweli 16 jinsi Samweli alivyofika kwa Yese, akamwona Eliabu, kimo chake na umbo lake, akadhani mfalme ndiye huyu. Alikuwa nabii, naye akakosea. Kumtazama mtu usoni ni kazi ngumu.

Alikuwako Mwingereza mmoja, Cuthbert Orde, aliyezaliwa mwaka wa 1888. Katika vita ya 1914 hata 1918 alikuwa rubani wa eropleni. Vita ilipokwisha akashika kazi ya kuchora sanamu za watu. Basi mwaka wa 1940, eropleni za Wajerumani zilipokuja kuipiga Uingereza, Wizara ya Anga ikamwagiza aende akachore nyuso za marubani. Akachora kwa makaa zaidi ya 160.

Izingatieni kazi hiyo. Tangu Julai hata Oktoba watu karibu 3,000 walipigana angani upande wa Waingereza, na 544 wakauawa. Hesabu husemwa upesi, wala haimlizi mtu. Lakini Orde hakuchora hesabu. Alikaa mbele ya kijana mmoja, kisha mwingine, akiangalia jicho na taya na kinywa. Aliyekaa mbele yake leo huenda kesho hayupo; naye alilijua hilo, maana yeye mwenyewe alipata kuruka vitani. Alimchora Bader, aliyepotewa na miguu yote miwili katika ajali ya eropleni mwaka wa 1931, akarudi kuruka kwa miguu ya bandia. Alimchora Malan wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa baharia kwanza. Mwaka wa 1942 nyuso 64 zikapigwa chapa kitabuni.

Ninyi walimu, mnaoandika majina ya waliokufa katika kitabu cha usharika, mwajua jinsi jina liwezavyo kugeuka kuwa wino tu. Mchungaji yule wa Luka 15 hakutosheka na wale 99.

Hata hivyo jambo moja lanisumbua. Vijana wa Kijerumani walioanguka baharini siku zile walikuwa na nyuso vilevile, tena wengine wao walibatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Makaa ya Orde hayakuwafikia. Wala si kosa lake, alitumwa kwa upande mmoja tu. Waliozijua nyuso zile ni mama zao, na Mungu aliyeziumba.